Kilima Kisicho na Jina

Siku nilipomwambia mzee wa chumba namba 9 kwamba kwetu ni Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, aliweka kijiko chini akanitazama kama mwenye nyumba aliyekutana na mpangaji wake sokoni.

"Ziwa lile," akasema, "kijana wetu ndiye aliyeligundua."

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji wake. Nilikuwa na miezi minne tu Uingereza, mhudumu katika makao ya wazee kwenye mji mmoja mdogo wa Somerset, kusini-magharibi ya nchi, na bado nilikuwa naogopa kila swali ninaloulizwa. Watu wa sehemu zile wana Kiingereza chao. Wakiuliza kitu kiko wapi wanaongeza kineno mwishoni ambacho hakuna mwalimu wa Mwanza aliyewahi kunifundisha, na sauti ya "r" wanaizungusha mdomoni kama mtu anayetafuna muwa. Nikamuuliza, kijana wenu yupi? Akataja jina: Spiik. Nikamwambia huyo simfahamu, sisi tuliyesomeshwa shuleni ni Speke. Nililitamka kama tunavyolitamka sote, Spe-ke, silabi mbili zimekamilika, utadhani ni mtu wa Kwimba. Naye akasema huyo wangu hajawahi kumsikia. Tukabishana hadi uji ukapoa, kila mmoja na mgunduzi wake, mpaka nilipochukua kalamu nikaliandika jina kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alicheka hadi nikaogopa atapaliwa.

Kuhusu hilo neno "kugundua" sikumjibu kitu. Mwalimu wetu wa historia alikuwa anamkata maksi yeyote anayeliandika. "Mzungu wa kwanza kuliona," ndivyo alivyotaka, na neno "mzungu" ulipigie mstari. Lakini huyu alikuwa mzee wa miaka 91, na mimi ndiye niliyekuwa nimepangiwa kumwogesha.

Nilianza kumwita Babu. Aliuliza maana yake, nikamweleza, akakubali bila masharti. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kijiji chake hakiko mbali na Dowlish Wake, na kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kuelekea dirishani. Dirisha lilitazama kilima. Alisema upande wa pili wa kilima kile ndiko ng'ombe wake walikokula kwa miaka sitini. Televisheni ilikuwa mgongoni mwake na hakuwahi kuomba igeuzwe.

Usiku ule nilijifungia chumbani na simu nikaanza kumsoma huyo kijana wao. Mengine nilikuwa nayajua. Mwaka 1858 alikuwa na mwenzake Burton, Burton akaugua akabaki Kazeh, yaani Tabora ya leo, Speke akaondoka Julai na msafara kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti asubuhi akaliona ziwa. Nilichokuwa sikijui ni jinsi mwenyewe alivyoieleza ile asubuhi. Anasema waliondoka mahali paitwapo Isamiro, wakaanza kupanda kilima kirefu chenye mwinuko wa taratibu, na walipofika juu maji yakatokea mbele yao, ya buluu iliyopauka. Na kile kilima, anasema, kwa vile hakina jina la wenyeji, atakiita Somerset.

Nilisoma mstari ule mara nne. Isamiro yake mimi niliisoma Isamilo, na Isamilo ndiko kitovu changu kilikozikwa. Nimepanda vilima vile nikiwa na ndoo ya maji, nimevishuka kwa matako juu ya ganda la boksi, nimepigwa huko na kaka zangu. Na sasa nimelala Somerset, kwenye kitanda cha futi tatu, baridi inapita chini ya mlango, nasoma kwamba mahali pale paliwahi kuitwa Somerset.

Asubuhi yake nilimpigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Hilo huwa ni swali lake la kwanza, hata Julai. Nikamwambia baridi ipo. Nikamuuliza: kile kilima cha nyuma ya Isamilo, ukifika juu unaliona ziwa lote, wazee walikuwa wanakiitaje?

Akanyamaza kidogo. "Kilima kipi?"

Nikamwelekeza. Nikamtajia nyumba ya fundi baiskeli, nikamtajia lile jiwe lililokaa juu ya jiwe lenzake.

"Ah, kile! Kile ni kilima tu. Tulikuwa tunasema 'kule juu'. Mbuzi wako wapi? Wako kule juu. Mtoto yuko wapi? Yuko kule juu." Halafu sauti ikabadilika. "Kwani vipi? Kuna mtu anataka kukinunua?"

Nikabaki na hilo kwa siku kadhaa. Speke hakujua Kiswahili cha kuuliza mambo. Aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akaishia India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru na baadaye kuongoza misafara kadhaa ya Wazungu tunaowasoma. Kwa hiyo swali lilitoka kwa Speke kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, na upande wa pili akasimama Msukuma mmoja, labda Kiswahili chake cha kuokoteza kwa wafanyabiashara, ameamshwa alfajiri, anaulizwa kilima hiki kinaitwaje. Akajibu "juu". Jibu likarudi njia ileile na kufika likiwa "hakina jina". Siwezi kuapa ndivyo ilivyokuwa. Ila nimekaa miezi ya kutosha kati ya lugha mbili kujua maneno hupotelea wapi.

Tena, nikiri kabisa, mimi mwenyewe sikuwa msafi. Pale kazini tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Kisumu, na kwa upweke tulikuwa tumeupa mji ule majina yetu. Mto wa matope unaopita nyuma ya duka kubwa tuliuita Mirongo. Mzunguko wa magari wenye fujo yeye aliuita Kondele. Ule mpando wa kwenda kituo cha basi ulikuwa Mabatini. Hatukuwahi kumuuliza mtu yeyote vinaitwaje.

Siku ya mapumziko iliyofuata, mwishoni mwa Septemba 2023, nikaamua kwenda Dowlish Wake, kwa sababu Babu aliniambia ndiko Speke alikozikwa. Aliniandalia maelekezo jioni nzima. Shuka Ilminster, tembea kusini, ni maili mbili tu. Usifuate barabara ya magari, pita mashambani. Pinda kushoto penye mwaloni uliopigwa na radi. Akaniagiza na kitu: yale matunda meusi ya kwenye michongoma, yanafanana na forosadi, nimletee kopo moja. Lakini niyachume kabla ya tarehe 29, sikukuu ya Malaika Mikaeli, kwa sababu baada ya hapo shetani anayatemea mate. Alilisema hilo kwa uso uleule anaotumia kuulizia dawa zake za presha.

Dereva wa basi aliniita "mpenzi wangu". Nilikuwa sijazoea. Mwanamume mwenye ndevu nyeupe na mikono kama ya fundi chuma, ananipa tiketi: haya, mpenzi wangu. Aliyenifuata alikuwa bibi na kigari chake cha kununulia vitu, naye akaitwa mpenzi, na kijana wa shule naye. Nikakaa kiti cha nyuma nikiwa nimetulia kidogo.

Ilminster niliipita haraka: kanisa kubwa katikati, maduka, harufu ya mkate. Baada ya nyumba za mwisho nikakiona kibao cha mbao kimeandikwa njia ya umma, kinaelekeza moja kwa moja ndani ya shamba la mtu. Hili jambo lilinichukua muda kuliamini. Uingereza ardhi ina wenyewe, kila kipande, lakini zipo njia za miguu za tangu enzi zinazokatiza katikati ya mashamba hayo, na sheria inakupa haki ya kuzipita. Mwenye shamba haruhusiwi kuziziba. Uzio ukifika, wanaweka ngazi fupi ya mbao mtu apande na kushuka, ng'ombe abaki. Kwa miaka ile niliyochunga ng'ombe wa babu mzaa mama kule Misungwi kila likizo, ugomvi wote niliouona ulihusu nani apite wapi.

Shamba la kwanza lilikuwa la mahindi, marefu kunizidi. Nikasikia mngurumo, nikasimama. Mashine ilikuwa inakuja inayakata mahindi mazimamazima, bua, jani, gunzi, vyote vinasagwa humohumo na kurushwa kwa bomba kwenye tela la trekta linalokimbia sambamba. Magunzi yalikuwa yameiva vizuri, punje zimejaa. Hakuna mtu anayeyavunja. Yote yale yanashindiliwa kwenye lundo, yanafunikwa plastiki, yanachachuka, ng'ombe wanakula majira ya baridi. Babu aliwahi kuniambia, lakini kuambiwa si kuona. Nilimfikiria bibi yangu anayerudi shambani kuokota punje zilizodondoka baada ya watu kumaliza kuvuna. Pembeni ya njia lilikuwa limeanguka hindi moja zima. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaliokota nikalitia mfukoni mwa koti, moyo unadunda kama wa mwizi.

Mwaloni wa radi sikuuona. Kwanza, mwaloni kwa mtu wa Mwanza ni soko la dagaa kule Kirumba, kwa hiyo kila nilipokuwa najikumbusha, "pinda kushoto penye mwaloni", pua yangu ilikuwa inatafuta samaki. Pili, baadaye nilikuja kufahamu kwamba mti wenyewe ulikatwa kabla mimi sijazaliwa. Babu alinielekeza katika Somerset ya ujana wake. Nikapinda penye mti mwingine, nikaingia kwenye malisho, na huko wakanifuata madume wachanga wapata thelathini, mbio, vichwa chini, wakitifua majani yenye umande.

Wenzangu kazini walikuwa wameshanitisha kuhusu ng'ombe wa Uingereza kwamba wanakanyaga watu. Kweli wanakanyaga, hasa wenye ndama, na hasa ukiwa na mbwa. Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imeshaanza. Halafu kitu cha zamani kikanijia, nikageuka, nikafungua mikono, nikapiga mbinja ile ndefu ya Misungwi inayopanda halafu inakatika ghafla. Wakasimama. Wote thelathini wakasimama, pua zinatoa mvuke, wananitazama. Mmoja akapiga hatua, nikamkaripia kwa Kisukuma, akarudi nyuma. Nilitembea kinyumenyume hadi kwenye ngazi ya uzio, na nilipofika upande wa pili magoti yakaanza kutetemeka, nikakaa chini kwenye nyasi mbichi nikacheka peke yangu. Nilitamani mtu mmoja tu wa kwetu awe ameona.

Pale nilipokaa ndipo michongoma ilipokuwa na yale matunda. Nikajaza kopo la Babu, na mengine nikala, shati likaharibika.

Niliingia kijijini kutokea upande ambao si wenyewe. Dowlish Wake ni dogo. Nyumba za mawe ya rangi ya asali, yale yanayochimbwa Ham Hill, baadhi zimeezekwa nyasi, nene kama godoro, na nimeshaambiwa kwamba nyumba ya nyasi huko bei yake na bima yake si za mtu wa kazi kama yangu. Baba mdogo alikopa benki miaka mitatu kuondokana na nyasi. Kuna kiwanda cha pombe ya matufaha, wanaiita saida, na Septemba hewa yote ya eneo lile ina uchachu wa matunda yanayosubiri kusagwa, harufu ya jirani kabisa na wanzuki. Kijito kinapita katikati. Mahali pamoja kinapita juu ya barabara yenyewe, magari yanakanyaga maji, na kando yake kuna daraja la mawe jembamba la zama za farasi wa mizigo. Nilikuwa nimeduwaa, nikapita majini. Daraja nililiona nilipokuwa nimeshalowa hadi kwenye vifundo.

Kanisa la Mtakatifu Andrea liko juu, unalipandia. Langoni palikuwa na mama mmoja wa makamo, buti za mpira, mkasi wa maua mkononi. Alinitazama: mtu mweusi, viatu vinatoa maji, shati lina madoa mekundu, mfuko wa koti umevimba.

"Naweza kukusaidia?"

Sentensi hii kwa Waingereza ina maana mbili, na nilikuwa nimeshajifunza kuzitofautisha kwa nyusi. Hii ilikuwa maana ya pili. Nikamwambia nimekuja kumwona Speke. Safari hii nilitamka Spiik. Nikaongeza kwamba natoka Mwanza, lilipo ziwa.

Nyusi zikashuka. "Ziwa *lile*?"

"Lile lile."

"Basi nishikie hili," akasema, akanipa boga.

Ilikuwa wiki ya sikukuu ya mavuno. Makanisa ya vijijini hupambwa kwa mazao: maboga, matufaha, mikate, maua, na siku hizi makopo ya vyakula yanayopelekwa baadaye kwa wenye shida. Alikuwa peke yake na gari limejaa. Kwa hiyo niliingia kwenye kanisa alimolala Speke nimebeba boga mikononi kama mtoto mchanga, nikatoka, nikaingia na kreti la matufaha, nikatoka, nikaingia na ngazi.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya nta. Ubavuni kuna sehemu ya ukoo wa Speke, na humo sanamu za mawe za watu wa kale sana wamelala chali, mikono imefumbatana, pua zimelika. Ukumbusho wake uko humo. Njiani kwenye basi nilikuwa nimeandaa hotuba. Kweli kabisa, nilikuwa nayo kichwani, kwa Kiswahili, ilianza na "Ndugu Speke". Nilitaka kumwambia kuhusu kilima. Nilikuwa na miaka 36, yeye alikufa na 37, tulikuwa rika moja, hakukuwa na haja ya shikamoo.

Kifo chake ni cha ajabu, na pale kaburini kiliniingia zaidi. Baada ya safari ya pili, aliyoifanya na mwenzake Grant, alipofika Jinja mwaka 1862 bila Grant akayaona maji yakitoka ziwani, bado Burton alikataa kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile. Ukapangwa mjadala mbele ya wanasayansi mjini Bath, tarehe 16 Septemba 1864. Tarehe 15 mchana Speke alikwenda kuwinda kware kwenye mashamba ya ndugu zake huko Wiltshire. Akawa anapanda ukuta mfupi wa mawe, ukuta wa kawaida kama ile niliyoipita asubuhi ile, bunduki ikafyatuka. Wengine walisema alijiua kwa kuogopa mjadala. Wachunguzi wakaamua ni ajali. Mtu ametembea kutoka pwani hadi Nyanza, amepona homa, amepona upofu wa macho uliomshika njiani, amechomwa mikuki na Wasomali akapona, halafu anafia kwenye ukuta wa shamba la binamu. Livingstone alikuja kumzika hapa. Na baadaye ukoo wake ukaruhusiwa kuongeza kwenye nembo yao wanyama wawili, mamba na kiboko. Nilipolikumbuka hilo nilitabasamu. Wazungu wa Somerset wanalindwa na mamba na kiboko, na sisi tulikatazwa kuoga ziwani kwa sababu yao.

"Kijana, samahani, ngazi!"

Alikuwa ameshapanda anapachika majani kwenye kizingiti cha dirisha. Nikaishika. Nikaishika kwa karibu nusu saa, uso wangu umeelekea kwa Speke, na hotuba yangu ikabaki tumboni, kwa sababu huwezi kumhutubia marehemu huku unapokezana mabua ya ngano na mama wa watu.

Akaniuliza kutoka juu kama kwetu wanamkumbuka. Nikamwambia kuna ghuba kubwa mashariki ya Mwanza inaitwa Ghuba ya Speke, wavuvi wanaitaja kila siku, na sidhani kama kuna anayekumbuka kwamba ni mtu. Alipenda hilo. Nikamweleza na habari ya kilima: kwamba alikiita Somerset eti hakina jina.

Alikaa kimya anafunga uzi. Kisha akasema, "Maskini. Alikuwa amekumbuka nyumbani."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilimfikiria mara zote kama mtu anayechukua. Hata sasa nadhani alichukua, kwa maana ramani ni ramani na jina la Malkia bado liko juu ya maji yetu. Lakini nikaona pia Kondele, na Mirongo, na Mabatini, na mimi na yule mwenzangu wa Kisumu tumesimama kwenye kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri, tunaupa mji wa watu majina ili tuweze kuuvumilia.

Nilimpa lile hindi. Nilikiri limetoka wapi. Alicheka, akasema mwenye shamba ni mume wake. Akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha, ukoo wa Speke ukilitazama, maganda akayarudisha nyuma kama mkia. Kwenye kitabu cha wageni kulikuwa na mahali pa jina na mahali pa kuandika umetoka wapi. Wa juu yangu walikuwa wametoka Yeovil. Nikaandika: Isamilo.

Nilirudi kwa gari lake hadi Ilminster.

Jioni nikamkuta Babu macho, ananisubiri, ingawa siku ile haikuwa zamu yangu. Alikula matunda yote, vidole vikawa vyeusi, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nilipita darajani au majini. Nilipomwambia mwaloni wake haupo, alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo, ni kweli. Mimi ndiye niliyeukata." Halafu akataka kujua nilipita mashamba gani. Sikujua. Kwangu yalikuwa majani na uzio. Hapo ndipo alipoanza kuyataja, macho ameyafumba, anatembea kichwani: Ekari Kumi, ambalo lina ekari saba. La Kisima. Malisho Marefu. Shamba la Njaa, kwa sababu udongo wake haukuwahi kumpa mtu kitu. La Mjane, na mjane mwenyewe hakuna aliyewahi kumjua, hata baba yake Babu alilikuta likiitwa hivyo. Niligeuza karatasi ya ratiba ya kazi nikawa naandika nyuma yake. Yalifika kumi na tisa. Kila kipande kilikuwa na jina, hadi kona ya matope ambayo trekta ilinasa mwaka fulani.

Nikamwonyesha dirishani. Jua lilikuwa linazama, kilima kimekuwa cheusi.

"Na kile?"

"Kile nini?"

"Kile kilima. Kinaitwaje?"

Alinitazama kama baba mdogo angenitazama. "Kile ni kilima tu," akasema. "Tulikuwa tunasema kule juu."

Nilicheka hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Ikabidi nimsimulie Babu yote, Isamilo, na Speke, na baba mdogo aliyedhani kuna mtu anataka kununua. Alisikiliza kwa makini. Nikamwambia, basi Babu, kwa vile hakina jina la wenyeji, mimi nitakiita Isamilo. Akaomba nilirudie. Akalijaribu mdomoni mara mbili tatu, likamtoka likiwa na "z" katikati. Akasema ni haki.

Wiki tatu baadaye niliingia zamu ya asubuhi. Muuguzi wa usiku, aliyeletwa na wakala kwa siku mbili tu, alikuwa anatukabidhi taarifa za chumba kimoja kimoja. Namba 7 amelala vizuri. Namba 8 alikataa dawa. Alipofika namba 9 akapunguza sauti. Mzee ameanza kuchanganyikiwa, akasema. Tangu saa kumi na moja anatazama dirishani na kurudia kwamba mvua inakuja kutoka Izamilo. Ametafuta kwenye ramani, hakuna mahali kama hapo. Amehisi ni maambukizi, ameshachukua mkojo upimwe.

Nikanyoosha kidole kama mtoto wa darasani.